Tununue miksa gani kwa kidumbak chetu?

Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 26, napiga fidla kwenye kikundi cha kidumbak hapa Unguja. Tupo sita: mwimbaji, mimi, ami yangu kwenye sanduku (besi yetu ya uzi), mpiga dumbak, na wawili wa cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonga) ambao ndio pia waitikiaji wetu. Tunapiga kwenye harusi za mitaani, na siku hizi kuna hoteli moja ya pwani inayotuita jioni. Tuna spika mbili za inchi 12 zenye ampu ndani yake, na maiki nne.

Miksa tunaazima. Ni kubwa, ya chaneli 16, haiingii kwenye daladala bila kugombana na konda, na mwenyewe akiwa na shughuli yake sisi tunakosa kazi. Tumechanga shilingi laki nane tununue yetu. Muuzaji mmoja ananihimiza nichukue ya chaneli 12 yenye efekti 99 na Bluetooth. Mpiga dumbak anataka ile inayoendeshwa kwa simu. Ami anasema kidumbak hakikuzaliwa na umeme, na kwamba mashine zitatumeza. Mwimbaji naye kila siku analalamika kuwa hajisikii, na usiku ukiisha sauti imemkauka. Fidla yangu nimeibandika kinasa sauti cha pembeni, lakini inatoka kali na nyembamba kama bati linalokwaruzwa.

Nianzie wapi?

Mpiga Fidla, Unguja

*

Mwanangu,

Nitaanza na mwimbaji wenu, kwa sababu hilo la sauti kukauka ndilo zito kuliko yote uliyoandika, na jibu lake ndilo litakalokuchagulia miksa.

Bila shaka mnapanga kama vikundi vingi vinavyopanga: spika mbili mbele, kulia na kushoto, zote zinawatazama wageni, nanyi mmekaa nyuma yake. Mkao huo unasaidia spika zisipige mluzi, lakini aliye nyuma ya spika hupata mngurumo wa chini peke yake. Matamshi ya maneno hubebwa na sauti za juu, na hizo zinakwenda mbele moja kwa moja. Mwimbaji asipojisikia, husukuma. Akisukuma bila kujisikia, husukuma zaidi. Harusi moja ya saa tatu kwa mtindo huo inamwacha hoi, na hakuna miksa yenye efekti itakayomrudishia alichopoteza.

Dawa mnayo tayari nyumbani: geuzeni spika moja iwatazame ninyi. Najua watu wamezoea kuona spika mbili mbele na wataona kama mmepungukiwa, lakini kwenye ua wa harusi ya mtaani, au baraza ya hoteli yenye meza zake chache, spika moja ya inchi 12 iliyopandishwa juu ya stendi, ipite vichwa vya watu, inatosha. Kulia na kushoto hakuwapi faida yoyote. Wageni wa kidumbak hawakai kitini katikati ya spika mbili. Wanacheza, wanazunguka, wanakwenda kutunza na kurudi. Ile ya pili iwekeni chini mbele ya mwimbaji, imtazame usoni, na mkia wa maiki yake uelekee kwenye spika hiyo. Maiki nyingi za kuimbia zimetengenezwa zisikie mbele na zizibe masikio nyuma, kwa hiyo spika ikiwa mkiani mwa maiki mluzi unachelewa sana kuja.

Spika hiyo ya pili ndiyo mafundi mitambo huiita monita. Ili ifanye kazi yake, isipewe sauti ileile wanayopewa wageni. Mwimbaji anataka kujisikia yeye na fidla yako; mkwasa anausikia kwa masikio yake tu, hauhitaji. Kwa hiyo miksa lazima iwe na tundu la kutokea la pembeni, mbali na lile la sauti kuu, na kila chaneli iwe na nobu yake ndogo ya kupeleka sauti huko. Kwenye miksa utaiona imeandikwa AUX, au MON.

Sasa tulia hapa, kwa sababu hapa ndipo miksa ndogo nyingi zinapowaangusha watu. Njia ya AUX ina namna mbili. Kuna inayochukua sauti kabla ya nobu kuu ya chaneli, na kuna inayochukua baada yake. Ile ya kwanza huandikwa PRE, ya pili POST. Kwa monita unataka PRE. Ukimwongezea mwimbaji sauti kwa wageni, monita yake inabaki ilipo. Kwa njia ya POST, kila ukigusa sauti ya wageni unagusa na ya monita, na mara nyingi ndipo mluzi unapoanza katikati ya wimbo na kila mtu anakimbilia mashine. Njia za POST zimekusudiwa kulisha mwangwi, na miksa nyingi za bei ya chini zina njia moja tu, ya mwangwi. Ukifika dukani, kabla ya kuuliza bei, tafuta neno PRE karibu na AUX. Lisipokuwepo, na kitabu chake kisiseme chochote, iache hapo ilipo.

La pili ni hesabu ya maiki. Namba iliyo kwenye jina la miksa haihesabu maiki. Huhesabu kila tundu linaloingiza sauti, na kila chaneli ya stirio hujihesabu mara mbili. Yamaha MG10XU inaitwa 10 kwa sababu ina chaneli nne za maiki na stirio tatu. Mackie 1202VLZ4 inaitwa 12 kwa nne za maiki na stirio nne. Xenyx 802 ya Behringer, ambayo utaikuta imejaa madukani kwa kuwa ni rahisi, ina tundu mbili tu za maiki. Hizo stirio ni za kinanda, simu au kicheza muziki. Maiki ukiichomeka huko utasikia mnong'ono, maana hazina nguvu ya kuikuza sauti yake. Kwa hiyo muuzaji anapokwambia chaneli 12, usiibishie namba yake. Hesabu matundu ya XLR, yale ya duara yenye nafasi tatu za pini. Hayo ndiyo maiki zako.

Na ninyi mnahitaji mangapi? Orkestra kubwa ya taarab kama Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, au Culture Musical Club, ina safu ya fidla, udi, ganuni, akordioni, wapiga ngoma na waitikiaji, na jukwaa lake linahitaji miksa ya kubebwa na watu wawili. Ninyi mpo sita. Mwimbaji maiki moja. Waitikiaji wawili wagawane moja, wasimame bega kwa bega. Fidla moja. Sanduku moja. Dumbak zote mbili zinapigwa na mtu mmoja na zinasikika vizuri zenyewe. Cherewa na mkwasa zitaingia kwenye maiki ya waitikiaji mpende msipende. Hizo ni nne. Siku mtakapocheza uwanjani na dumbak ikahitaji ya tano, mtaazima kama mnavyoazima sasa. Usinunue miksa ya siku moja kwa mwaka ukaibeba mgongoni siku zote nyingine.

Kwa hiyo unachotafuta ni kidogo na kiko wazi: maiki nne, AUX mbili ambazo angalau moja inaweza kuwa PRE, na uzito wa kubebwa na mtu mmoja. Kwa mahitaji hayo mimi ningeangalia mbili kwanza. Moja ni Xenyx X1204USB ya Behringer: maiki nne, AUX mbili, na ya kwanza ina kitufe cha kuigeuza PRE. Nyingine ni hiyo Mackie 1202VLZ4, nayo ina maiki nne na AUX mbili, ya kwanza ikigeuzwa vilevile. Mackie ni ngumu zaidi, chuma kitupu, na vikuza sauti vyake vya maiki ni tulivu zaidi. Bei yake nayo iko juu, na ikiwa mpya inaweza kuwamalizia laki nane zote. Lakini mpangilio huo wa 1202 Mackie wameushikilia kwa miaka mingi, kwa hiyo ukiiona iliyotumika ya VLZ3 au VLZ Pro kwa mtu anayeaminika, usiidharau kwa uzee. Mimi ningependa 1202 iliyotumika vizuri kuliko mpya isiyo na jina.

MG10XU ni miksa nzuri na sauti yake ni safi, lakini ina njia moja tu ya pembeni, na ndiyo hiyohiyo inayolisha efekti zake. Ukiifanya monita umejifungia mwangwi, na ukiitaka kwa mwangwi umemnyima mwimbaji monita. Notepad-12FX ya Soundcraft ina maiki nne na iko katika hali hiyohiyo. Kwa mtu anayepiga peke yake na kinanda sina neno nazo. Kwa kikundi chenye mwimbaji anayekauka sauti, hapana.

Kuna jambo moja la X1204USB na 1202 ambalo katalogi hulitaja kwa maandishi madogo, nami nalipa uzito mkubwa: umeme wake unaingia moja kwa moja ndani ya miksa, kwa waya uleule wa kompyuta ya mezani. Miksa nyingi ndogo kuliko hizo hutumia adapta ya nje. Na adapta za miksa si kama za modemu au za redio. Ile ya Xenyx 802, kwa mfano, hutoa umeme wa AC kupitia plagi yenye pini tatu, na ya MG10XU nayo ni ya AC, ya volti ambazo huzikuti kwenye adapta ya kawaida. Ikiungua Ijumaa usiku huko Nungwi au Makunduchi, hakuna duka la jirani litakalokuwa nayo, na fundi atakayejaribu kukuungia ya laptopu ataiua miksa yenyewe. Waya wa kompyuta unaupata popote, hata hoteli yenyewe inaweza kuwaazima. Kama hatimaye utachukua miksa ya adapta, nunua adapta mbili siku hiyohiyo.

Kuhusu fidla yako. Tatizo lako halimo kwenye kinasa, na kubadilisha miksa peke yake hakutaliondoa. Vinasa vya kubandika vya aina yako, vile vya kijiwe kinachohisi mtikisiko wa ubao, hutoa umeme dhaifu sana na huhitaji kuingia mahali pasipoumeza: ukinzani wa kama megaomu 1. Tundu la kawaida la jeki kwenye miksa lina kiloomu 10 au 20 hivi. Kinasa kikikutana na tundu hilo, sauti za chini hupotea na kinachobaki ni ule mkwaruzo uliouita bati. Unahitaji kikuza sauti kidogo cha awali, au DI (kisanduku cha kuunganishia ala) ya kutumia umeme, uweke kati ya fidla na miksa. DI isiyotumia umeme, ambayo ndiyo ya bei nafuu zaidi, haitoshi kwa kinasa cha namna hii. Mwambie muuzaji hivyo kabla hajakufungia. Zipo miksa zilizojengwa na tundu za ukinzani mkubwa kwa vinasa vya namna hii, kama ZED-10 ya Allen & Heath yenye mbili, ila sioni sababu ya kuchagua miksa nzima kwa ajili ya tundu moja.

Au acha kinasa kabisa, upigie mbele ya maiki ya kawaida iliyo kwenye stendi, umbali wa shubiri moja na nusu juu ya daraja la fidla. Sauti itakuwa ya mbao, itakuwa fidla kweli. Utakachopoteza ni uhuru wa kuyumba, maana ukijigeuza kwa wachezaji sauti inakukimbia. Kwenye hoteli, ambako watu wanasikiliza wakila, ningepigia maiki. Kwenye harusi, kinasa na DI.

Ukija kununua ile maiki ndogo ya kubana kwenye fidla, ujue nyingi huhitaji volti 48 kutoka kwenye miksa, kitufe kilichoandikwa +48V au PHANTOM. Kwenye miksa ndogo kitufe hicho kwa kawaida ni kimoja kwa chaneli zote. Maiki zenu za kuimbia hazitadhurika nacho zikiwa na waya wa XLR pande zote mbili, ila shusheni sauti kuu kabla ya kukibonyeza, la sivyo spika zitapiga kishindo cha kuwashtua bibi harusi na wazee.

Tuje kwa ami yako, ambaye nadhani mnamsikia nusu nusu. Ana hoja kubwa. Kidumbak kilijipima chenyewe kwa vizazi kwenye nyua za nyumba: sanduku linatosha kutikisa ardhi ya ua mmoja, dumbak haimzidi mwimbaji mwenye pumzi, na mkao wa watu ndio uliokuwa miksa. Kila chombo mnachokiingiza kwenye mashine mnakitoa kwenye mizani hiyo, na mnalazimika kukirudisha kwa mkono. Kwa hiyo harusi ya uani ikija, msichomeke maiki nne kwa kuwa tu mnazo. Chomekeni mbili, mwimbaji na fidla, na ziwe chini kiasi cha mgeni kutojua sauti inatoka kwenye spika au kwa mtu. Sanduku liache. Ami atasikia tofauti, na nina imani ataacha kuiogopa mashine akiona haimfuniki.

Hotelini ni jambo lingine. Upepo wa bahari na kelele za vyombo hula sauti, na sanduku ndilo la kwanza kupotea. Hapo mpe maiki. Iwekeni chini kabisa, karibu na ukingo wa sanduku pale mdomo wake unapoelekea ardhini, na sanduku linyanyuliwe kidogo kwa kipande cha ubao upande mmoja ili sauti ipate pa kutokea. Kwenye chaneli yake kitufe cha kukata sauti za chini kiwe kimezimwa. Kwenye chaneli nyingine zote kiwe kimewashwa. Kitufe hicho huandikwa LOW CUT au HPF, mara nyingi na 75, 80 au 100 pembeni yake, yaani hezi. Sauti ya binadamu haina kitu cha maana huko chini. Kilichoko huko ni upepo, miguu ya watu jukwaani, na sanduku lenyewe likijipenyeza kwenye maiki isiyo yake. Kitufe hiki kimoja kitasafisha sauti yenu kuliko efekti zote 99 za muuzaji wako.

Hizo efekti, basi. Mwangwi kidogo kwenye sauti ya mwimbaji unapendeza, hasa mahali pa wazi pasipo na kuta, na X1204USB inazo 16 ndani yake. Mtatumia moja. Mackie 1202 haina hata moja, na kwenye ua wenye kuta za mawe hamtaikumbuka. Usilipie Bluetooth. Muziki wa mapumziko kutoka kwenye simu utapita kwa waya, na waya haukatiki mtu mwingine akipokea simu. Ninachokiogopa zaidi ni zile miksa zisizo na jina la kampuni inayojulikana, zenye taa nyingi na maandishi ya 48V ambayo ukiyapima ndani hayapo.

Na ya kuendeshwa kwa simu? Mwenzako hajakosea kuipenda. Behringer XR12, kwa mfano, ni kisanduku kidogo chenye maiki nne, na humo ndani kuna uwezo ambao zamani ulihitaji kabati zima. Lakini miksa hizo hazina nobu za kushika. Kila kitu kiko kwenye kioo cha simu au tableti, kupitia Wi-Fi, na kwenye hoteli iliyojaa Wi-Fi za wageni mawasiliano hayo yanaweza kukatika wakati wowote. Sauti itaendelea, ila mkono wa kuigusa hautakuwepo. Kwa kikundi chenye fundi mitambo wake aliyesimama kwa wageni na tableti mkononi, ni chombo kizuri sana. Ninyi sita wote mnapiga. Mnahitaji nobu ambayo mtu anaipapasa gizani bila kuacha wimbo.

Kama nia yenu ni kurekodi kila ala peke yake ili baadaye mchanganye polepole, hilo nalo lina miksa yake. USB ya X1204USB hupeleka kwenye kompyuta sauti mbili tu zilizokwisha kuchanganywa, kushoto na kulia. Zoom LiveTrak L-8 ina maiki sita, hurekodi kila chaneli kwenye kadi, na inaweza kuendeshwa kwa betri nne ndogo za AA. Ni kitu cha kuchangia tena siku za usoni.

Sasa fedha. Laki nane zote zisiishie kwenye miksa. Bei hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo sikutajii ya duka, ila nakwambia hivi: miksa ikivuka laki tano na nusu, rudi nyuma, tafuta iliyotumika. Kinachobaki kinunue waya nne nzuri za XLR za mita kama 10, mbili za kupeleka sauti kwenye spika, DI ya fidla, stendi mbili, na begi lenye sponji. Jioni nyingi zinazoharibika huharibiwa na waya wa bei rahisi uliokatika ndani karibu na plagi, na mtu analaumu miksa. Chagueni waya ambao plagi yake inafunguka kwa skrubu, ili fundi wa mtaani aweze kuuchomea risasi. Pwani yetu ina chumvi hewani. Matundu ya jeki hushika kutu kimyakimya. Miksa ikimaliza kazi ifutwe kwa kitambaa kikavu, irudi begini, isilale barazani.

Siku ya kununua, iwe Darajani au ukivuka kwenda Kariakoo, beba maiki yako mwenyewe, waya wako, na hedifoni. Usikubali kujaribu kwa maiki ya dukani. Chomeka kwenye chaneli ya kwanza, pandisha GAIN karibu na mwisho bila kusema kitu, usikilize: mvumo mwembamba ni wa kawaida, mvumo kama wa mvua kwenye mabati si wa kawaida. Rudia kwa chaneli zote nne, maana ya tatu inaweza kuwa mbovu na ya kwanza ikawa nzima. Zungusha kila nobu taratibu. Ikikwaruza masikioni, vumbi au kutu imeingia, na kwa iliyotumika hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei. Tikisa kidogo plagi ikiwa tunduni. Kama muuzaji ana mita, bonyeza +48V na mpime kati ya pini ya 1 na ya 2 za tundu la XLR, kisha ya 1 na ya 3. Mnatakiwa kuona kati ya volti 44 na 52. Muuzaji atakayekataa upimaji huo amekujibu.

Mkishaipata, ipangeni nyumbani kabla ya kuibeba kwenye kazi. Miksa na spika zote zichukue umeme kwenye soketi moja, kwa waya mmoja wa kurefushia. Zikitoka kwenye soketi mbalimbali mnaweza kualika mngurumo usiokwisha. Kwa kila maiki, mpigaji apige kwa nguvu ile atakayopiga harusini. Pandisha GAIN mpaka taa nyekundu ya PEAK au CLIP imulike mara moja moja, kisha irudishe kidogo mpaka izime kabisa, na usiiguse tena usiku huo. Kuanzia hapo mnacheza na nobu za chini tu. Anzeni na monita kabla ya spika ya wageni: mpeni mwimbaji sauti yake mpaka atikise kichwa kukubali, mwongezeeni fidla, basi. Ndipo mfungue ya nje.

Miksa ikae kwa mpiga mkwasa. Yeye ndiye mwenye mkono unaoweza kuacha kipigo kimoja bila wimbo kuanguka, na awe ndiye pekee anayeruhusiwa kuigusa.

Na mtu wa kusikiliza, mwanangu, awe ami yako. Wakati wa kujaribu, mwombe aende akae wanapokaa wageni, mwingine avute uzi wa sanduku kwa niaba yake, na kila atakachosema kipungue, kipunguzeni. Masikio yake yanakijua kidumbak kikiwa sawasawa, na hilo hakuna kati yenu vijana anayeweza kulisoma kwenye kitabu cha miksa.